Jua la saa saba Ahero: Jinsi miale inavyoharibu DNA, na kemikali zinazoweza kuikinga

MSOMAJI, kama umewahi kushuka kwenye matatu katika njia panda ya Ahero, pale barabara ya Sondu na Kisii inapoachana na ile ya Kericho na Nairobi, basi huhitaji kusimuliwa habari za jua la huko. Mji huo uko kilomita ishirini na kitu mashariki ya Kisumu, kando ya mto Nyando. Uko chini ya nusu digrii kusini ya ikweta, na kimo chake ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Majaruba ya mpunga katika mradi wa unyunyizaji ulioanzishwa mwaka wa 1969 ni uwanda mtupu usio na vivuli. Anayepanda, anayepalilia, anayevuna na mtoto anayeamia ndege, wote hushinda juani.

Wengi wetu hulilaumu jua hilo kwa sababu ya joto tu. Lakini joto si lenye kudhuru zaidi. Pamoja na joto na mwanga, jua hutoa miale ya namna ya tatu ambayo jicho haliioni wala ngozi haiihisi. Wataalamu huiita miale ya urujuanimno, yaani iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani katika upinde wa mvua, na kwa kifupi huandikwa UV. Siku ya mawingu mepesi na upepo mwanana kutoka ziwani unaweza kuona raha kabisa, na huku sehemu kubwa ya miale hiyo inakufikia. Mwaka wa 1992, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka miale ya jua katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara.

Je, sisi weusi tuna haja ya kuhofu? Jibu ni kwamba ngozi nyeusi ni ngao nzuri mno, lakini kuna mahali pawili ambapo ngao hiyo haipo au ni hafifu: ngozi ya mtu mwenye ualbino, na weupe wa jicho la kila mtu. Ili kuelewa sababu, hatuna budi kuingia ndani ya seli.

Herufi nne kwenye ngazi

Katika karibu kila seli ya mwili wako kuna kiini, na ndani ya kiini hicho kuna DNA. Huu ni uzi mwembamba ajabu ambao ungenyooshwa wote ungefikia takriban mita 2, lakini umekunjwa ukaenea mahali pasipoonekana kwa macho. Umejengwa mfano wa ngazi ya kamba iliyosokotwa. Vidato vyake ni vya kemikali nne zinazotambuliwa kwa herufi A, T, C na G. A hushikana na T, na C hushikana na G, mmoja upande huu na mwenzake upande wa pili. Mpangilio wa herufi hizo ndio maagizo yanayoiambia seli itengeneze nini, igawanyike lini, na iache kugawanyika lini. Hilo la mwisho ni zito, maana seli iliyosahau kuacha kugawanyika ndiyo mwanzo wa saratani.

Sasa fikiria wacheza densi waliopangwa safu mbili, kila mmoja akimshika mwenzake aliye mkabala naye. Mwale wa UV ukipiga mahali ambapo T mbili zimekaa jirani kwenye safu moja, nguvu yake huzifanya zigeukiane na kushikana zenyewe kwa zenyewe, zikilegeza mshiko wa wenzi wao. C nazo hufanya vivyo hivyo. Tukio hilo ni la muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na katika saa chache za jua kali seli moja ya ngozi isiyo na kinga huweza kupata mafundo ya aina hiyo kwa maelfu.

Seli inapotaka kujigawa, ni lazima kwanza inakili DNA yake. Kinachonakili kikifika kwenye fundo hukwama, au hubahatisha herufi. Kosa la kawaida ni mahali pa C kuwekwa T. Tena kama C mbili zilizo jirani zimegeuka kuwa T mbili, wachunguzi wa maabara hutambua kwamba hiyo ni kazi ya jua, kama vile polisi anavyomtambua mwizi kwa alama za vidole.

Hiyo ni kazi ya miale ya UVB hasa. Kuna nyingine, UVA, ambayo huzama zaidi ndani ya ngozi na hupenya hata kioo cha dirisha la gari. Hiyo huamsha pia oksijeni kali ndani ya seli, nayo oksijeni hiyo ndiyo inayoiunguza DNA. Ya tatu, UVC, ni kali kupita zote, lakini tabaka la ozoni huizuia isitufikie.

Mwili haukai tu ukitazama. Zipo protini ambazo kazi yao ni kuikagua ngazi hiyo. Zikigusa fundo, hukata kipande cha takriban herufi 30, hukitupa, kisha pengo hujazwa kwa kusoma upande wa pili ambao haukuharibika. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya utafiti wake Marekani, alieleza hatua za ukarabati huo na kushiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 2015. Thamani ya kazi hiyo huonekana kwa watoto wachache wanaozaliwa bila uwezo huo: jua dogo tu huwaunguza, na saratani za ngozi huwaanza wakiwa bado wa umri wa shule.

Mafundo yakizidi uwezo wa mafundi, protini iitwayo p53 huiamuru seli ijiue. Ngozi inayobambuka baada ya kuungua na jua ni mabaki ya seli zilizotii amri hiyo. Hatari kubwa ni pale jeni inayotengeneza p53 inapopigwa yenyewe, kwa kuwa hapo mlinzi wa lango ameuawa na seli mbovu hupata nafasi ya kuzaana.

Kemikali ya kwanza tumezaliwa nayo

Kemikali bora ya kukinga DNA dhidi ya jua haiuzwi dukani. Ni melanini, rangi nyeusi ya ngozi. Seli maalum huitengeneza, huifunga katika vifuko vidogo na kuwagawia majirani zake. Ndani ya seli inayopokea, vifuko hivyo hukusanyika juu ya kiini na kukifunika kama kofia, upande ule ule unaoelekea jua. Melanini huumeza mwale wa UV na kugeuza karibu nguvu yake yote kuwa joto kidogo lisilodhuru.

Kipimo kilichochapishwa Marekani mwaka wa 1979 kilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha kama asilimia 7 tu ya UVB, ilhali la ngozi nyeupe hupitisha kama asilimia 24. Ndiyo maana saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni nadra sana kwa watu weusi. Ile inayotupata zaidi, melanoma ya nyayo na chini ya kucha, haihusiani na jua. Bob Marley, aliyefariki mwaka wa 1981 akiwa na umri wa miaka 36, iliyomuua ilianzia kwenye kidole cha mguu.

Kwa hiyo ukiwa na ngozi nyeusi yenye afya, huna sababu ya kutumia pesa zako kwa losheni ya kukinga jua kwa kuogopa saratani. Nunua kofia. Wala usiivue ngao yako mwenyewe: krimu za kujichubua zenye haidrokwinoni hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini. Krimu hizo, pamoja na zile za zebaki, zimepigwa marufuku nchini, lakini bado huuzwa kichinichini mijini. Anayejipaka anajigharimia kupunguza kinga ambayo wengine wangeitafuta kwa gharama yoyote.

Wanaoitafuta ni hao wenye ualbino. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye hali hiyo hapa Kenya. Seli zao za kutengeneza rangi zipo, na idadi yake ni ya kawaida, ila jeni inayohitajika ina hitilafu. Mtoto huzaliwa hivyo baada ya kurithi nakala yenye hitilafu kutoka kwa baba na pia kwa mama, ambao wote wawili huwa weusi na hawajui kama wanayo. Kila ujauzito wa wazazi hao una nafasi moja kati ya nne. Si laana, na mama asishukiwe lolote.

Mtoto huyo akikulia Nairobi kwenye nyumba za ghorofa, jua litamsumbua. Akikulia kando ya majaruba ya Ahero na kutumwa kuamia ndege tangu asubuhi hadi jioni, hesabu yake ni nyingine. Vikovu vya jua huanza mapema utotoni, midomo hupasuka, na vidonda vigumu vyenye magamba huota masikioni, shingoni na usoni. Saratani inayofuata mara nyingi ni ile inayokua polepole, ambayo ingeondolewa kwa upasuaji mdogo kama angefikishwa hospitalini mapema. Kinachoua ni kuchelewa: kidonda kupakwa mafuta miezi sita, kisha mwaka, kwa kudhaniwa kuwa ni "jua tu". Kweli ni jua, lakini hakuna "tu" hapo.

Jicho la kila mtu

Mahali pa pili ni jicho, na hapa hakuna mweusi wala mweupe. Utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho hauna melanini ya kutosha, nao uko wazi kwa miale inayotoka juu na ile inayorudishwa na maji, mchanga na lami.

Mwaka wa 1996 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliolinganisha saratani ya utando huo katika nchi mbalimbali. Uganda, iliyo ng'ambo ya ziwa letu, ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 12 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Uingereza ilikuwa na chini ya 0.2. Kadiri watafiti walivyoondoka kwenye ikweta, ndivyo ugonjwa ulivyopungua, karibu nusu kwa kila digrii 10. Baadaye uvimbe wa wagonjwa wa Uganda ulipochunguzwa katika maabara, jeni ya p53 ilikutwa na zile alama za vidole tulizozitaja, C mbili zilizogeuka T mbili.

Virusi vya Ukimwi huongeza hatari hiyo mara kadhaa, kwa sababu kinga ya mwili iliyodhoofika haizitambui wala kuziondoa seli mbovu. Kwa eneo letu la ziwa, ambako maambukizi yamekuwa juu kuliko wastani wa nchi, jambo hilo si la kupuuzwa. Kijinyama kinachoota jichoni mara nyingi si saratani. Lakini kikiwa cheupe au cha kijivu, kimeinuka, kina mishipa myekundu inayokielekea na kinakua, kionyeshwe mtaalamu wa macho badala ya kuwekewa matone ya dukani. Kikiwa kidogo hukatwa na kupelekwa maabara. Kikiachwa, huenda jicho zima likalazimika kutolewa.

Miwani inayochuuzwa kwenye vituo vya magari si mibaya yote, lakini weusi wa kioo si dalili ya kinga. Tafuta maandishi UV400. Kioo cheusi kisichozuia UV huifanya mboni ipanuke na kuikaribisha miale ndani.

Je, kuna kidonge?

Hamu ya kupata dawa ya kumeza ili kuikinga DNA si ya leo, na haikuanza na jua. Mwaka wa 1949, Harvey Patt na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba panya waliodungwa sisteini, kemikali ya asili yenye salfa, kabla ya kupigwa miale mikali ya eksirei, wengi walinusurika. Eksirei haifungi herufi kama UV ifanyavyo. Huipiga DNA na kuikata, ama huyapasua maji yaliyo ndani ya seli yakawa vipande vikali vinavyoikata. Kemikali ya salfa hujitoa mhanga na kuvidaka vipande hivyo kabla havijafika.

Jeshi la Marekani, likihofia vita vya nyuklia, liliendelea kuchunguza kemikali zaidi ya 4,000 za jamii hiyo. Iliyoshinda ilikuja kuitwa amifostini, na tangu miaka ya 1990 imetumiwa kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, ili tezi za mate zisiharibiwe na tiba ya miale. Lakini sharti idungwe kabla ya miale, na hutapisha na kushusha shinikizo la damu. Si kitu cha mtu kujitembeza nacho mfukoni. (Na picha moja ya eksirei ya kifua isikutishe: miale yake ni kama ile ya asili unayoipata ukiishi maisha yako ya kawaida kwa wiki mbili hivi.)

Vipi vitamini? Katika mji wa Nambour, Australia, watu 1,621 waligawanywa kwa kura kuanzia mwaka wa 1992. Baadhi walipewa losheni ya kukinga jua wajipake kila siku, na baadhi vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo watu walikuwa na imani nayo kubwa. Matokeo yalipotangazwa mwaka wa 1999, losheni ilikuwa imepunguza saratani ya seli za magamba kwa karibu asilimia 40. Vidonge havikusaidia kitu. Huko Finland, mwaka wa 1994, wavuta sigara waliomeza beta-karotini walipatikana na saratani ya mapafu zaidi ya wasiomeza. Mwuzaji anayekuingilia kwenye basi na chupa ya "kusafisha seli" hatakusimulia hayo. Nyanya na sukuma wiki vile kwa afya yako, lakini usivivike kazi ya kofia.

Kidonge kimoja kinastahili kutajwa. Nikotinamidi, aina ya vitamini B3, huipa seli nguvu ya kukarabati DNA. Utafiti wa Australia wa mwaka wa 2015 uliohusisha watu 386 waliokwisha kuugua saratani ya ngozi uliona saratani mpya zikipungua kwa asilimia 23. Walipoacha kumeza, faida ilikwisha. Tena utafiti wa mwaka wa 2023, kwa wagonjwa waliopandikizwa viungo, haukuona faida. Ni jambo la kuzungumza na daktari wa ngozi, wala si la kujinunulia.

Losheni ni dawa

Basi kwa mwenye ualbino, kemikali iliyothibitika ni ya kupaka. Losheni hizo zina viambato vinavyoumeza mwale wa UV na kuutoa kama joto, karibu vile vile melanini ifanyavyo. Zinki oksaidi, ule unga mweupe, ni mojawapo. Namba iliyoandikwa baada ya herufi SPF hupima kinga dhidi ya UVB: 15 huzuia kama asilimia 93, 30 kama 97, na 50 kama 98. Utaona kwamba kulipia 50 badala ya 30 hakukupi kingi. Kosa kubwa ni kupaka kidogo. Watu wengi hupaka nusu ya kipimo au chini yake, na hapo namba ya chupani haina maana. Kwa uso na shingo, chora mistari miwili ya losheni kwenye urefu wa vidole viwili, upake pia masikio na kisogo, robo saa hivi kabla ya kutoka. Rudia kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitoka jasho.

Ni wazi kwamba familia inayotegemea robo ekari ya mpunga haiwezi kununua kiasi hicho mwaka mzima. Ndiyo sababu, tangu mwaka wa fedha wa 2010/2011, serikali kupitia Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu imekuwa na mpango wa kuwagawia wenye ualbino losheni hizo bila malipo katika hospitali za umma. Jirani zetu wa Tanzania walikwenda hatua nyingine: katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho kwenye hospitali ya KCMC mjini Moshi, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya ngozi zenye ualbino na hali ya hewa yetu. Ni mfano unaostahili kuigwa na nchi yenye viwanda vya dawa vingi kama Kenya.

Hata losheni ikipatikana, nguo huitangulia. Shati la mikono mirefu la kitambaa kilichoshonana halihitaji kurudiwa kila saa mbili. Kofia iwe na ukingo pana kuzunguka kote, mfano wa zile za makuti, kwa kuwa kepu ya vijana huacha masikio na shingo nje. Na kwa kuwa si kila mtu ana saa, tumia kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, UV ni kali. Hapa kwetu hiyo huwa takriban kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, miezi yote.

Mzazi, mwombe mwalimu gwaride na michezo ya mtoto mwenye ualbino viwe asubuhi mapema au jioni, na akae dawati la mbele, mbali na dirisha, kwani macho yake pia huona hafifu. Mkague ngozi kila mwezi, kisogoni, nyuma ya masikio na midomoni. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, kinachotoka damu kikiguswa au chenye gamba gumu linaloota upya, kipelekwe hospitali ya Ahero, na ukipewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wengi bado huiita Russia, usingoje mavuno. Ukiwa huko uliza mambo mawili: kama kipande kitakachokatwa kitapimwa maabara, na kama jina la mtoto limeandikishwa katika orodha ya losheni.